Jaji Constance Baker Motley: maswali mnayouliza kila mara, majibu yote hapa

Kila nikimtaja huyu mama maswali yanakuja yaleyale, nami najibu mmojammoja mpaka nachoka, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Mengine nimeyajibu kwa mstari tu, mengine nimeandika sana kwa sababu ndo yenye utamu.

Kwa kifupi, Motley ni nani?

Ni mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho Marekani, yaani ya serikali kuu ya taifa, sio ya jimbo wala jiji. Rais Lyndon Johnson alimteua Januari 1966, Seneti ikamthibitisha tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, akawa jaji pale New York mpaka alipofariki tarehe 28 Septemba 2005 akiwa na miaka 84. Kabla ya hapo alikuwa wakili wa kesi za ubaguzi kwa karibu miaka 20. Wengine wanamchanganya na Jane Bolin, aliyekuwa jaji tangu 1939, ila Bolin alikuwa mahakama ya jiji la New York, sio ya shirikisho. Wote wawili wanastahili heshima yao.

Alitoka familia ya kitajiri?

Hapana kabisa. Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1921 New Haven, Connecticut, mtoto wa 9 kati ya 12, wazazi wote wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibiani. Baba yake alikuwa mpishi wa vyama vya wanafunzi pale chuo cha Yale, yaani alikuwa anawapikia watoto wa matajiri ambao kesho yake ndo wanakuwa mawaziri na majaji, na wake mwenyewe hana uwezo wa kuwapeleka chuo.

Sasa chuo alisomaje?

Alipomaliza sekondari alikosa ada akaanza kufanya vibarua, kuna kipindi alikuwa anapiga vanishi viti kwenye mradi wa serikali wa kuwapa vijana ajira. Lakini alikuwa muongeaji, kiongozi wa baraza la vijana weusi wa mji wake, na siku moja akiwa na miaka 18 akasimama kwenye mkutano wa kituo cha jamii cha Dixwell akasema wazi kwamba weusi hawaji kwenye kituo hicho kwa sababu wanaokiendesha wote ni weupe na wenyewe hawaulizwi chochote. Mfadhili wa kituo alikuwepo hapohapo ukumbini, mzungu tajiri mwenye kampuni ya ujenzi, Clarence Blakeslee. Badala ya kununa akamwita, akamuuliza kwa nini hayupo chuo, akajibiwa hakuna hela, basi akamlipia masomo yote, kuanzia Fisk kule Tennessee, kisha New York University alikomaliza 1943, mpaka sheria Columbia alikomaliza 1946. Kilichonigusa hapa ni kwamba alimsema mwenye hela mbele ya watu na bado akasaidiwa, hakujipendekeza.

Aliingiaje kwenye kesi za ubaguzi?

Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1945, Thurgood Marshall alimchukua kwenye mfuko wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani. Huyu Marshall ni yuleyule aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1967, na kwa Wakenya ni yuleyule aliyekuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika kwenye mazungumzo ya Lancaster House London 1960, akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba ya Kenya. Kwa hiyo bosi wa Motley alikuwa na mkono wake mpaka huku kwetu.

Ni kweli yeye ndo aliandika kesi ya Brown?

Aliandika hati ya madai ya awali, ile inayofungua kesi mahakamani. Hukumu ya Brown ya tarehe 17 Mei 1954 ndo iliyosema kutenganisha wanafunzi kwa rangi kwenye shule za umma ni kuvunja katiba. Ilikuwa kazi ya timu nzima, ila hati ya madai sio kitu cha kupuuza, ukikosea pale unaweza kutupwa nje hata kabla hujasikilizwa.

Kesi ya James Meredith ilikuwaje?

Meredith alikuwa mwanajeshi wa zamani wa jeshi la anga, mweusi, akaomba kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi 1961 wakamkatalia kwa visingizio vya kila aina. Marshall akampa Motley kesi hiyo, akisema kule Kusini mwanamke mweusi hashambuliwi kirahisi kama mwanaume. Sijui kama hilo lilimpa faraja yoyote mtu anayetumwa Mississippi.

Alikwenda kule zaidi ya mara 20. Magazeti ya huko yalikuwa yanamwita "yule mwanamke Motley", hata kumuita Bi. Motley walikuwa hawataki. Kuna siku yuko kwenye gari na Medgar Evers, kiongozi wa NAACP Mississippi, anaandika mambo ya kesi, Evers akamwambia aweke hizo karatasi pembeni na asigeuke nyuma, kuna gari la polisi linawafuata. Juni 1963 Evers alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa.

Jaji wa kwanza aliyesikiliza kesi alisema hakuna ubaguzi wowote chuoni hapo, chuo ambacho hakikuwahi kupokea mtu anayejulikana kuwa mweusi. Motley akakata rufaa, akashinda Juni 1962. Usiku wa tarehe 30 Septemba fujo zikalipuka chuoni, watu wawili wakauawa, Rais Kennedy akapeleka jeshi, na asubuhi ya tarehe 1 Oktoba Meredith akasajiliwa. Alihitimu Agosti 1963.

Naomba muione hiyo sehemu ya jaji wa kwanza. Motley alijifunza kazi ya ujaji akiwa upande wa pili, mbele ya majaji waliokuwa wanaangalia ushahidi ulio wazi halafu wanasema hawauoni. Ukimsoma baadaye akiwa jaji, uone anavyopanga ushahidi kipande kwa kipande, kumbuka alikotoka.

Je, alishinda kesi 9 kati ya 10 Mahakama ya Juu?

Ndiyo. Alisimama pale mara 10 akashinda 9, na mwaka 1961 ndo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoa hoja mbele ya mahakama hiyo. Aliyoshindwa ni Swain ya 1965, kuhusu waendesha mashtaka kuwaondoa weusi kwenye juri, yaani lile kundi la raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mwaka 1986 mahakama hiyohiyo ikageuza msimamo kwenye hoja hiyo kwenye kesi ya Batson, yeye akiwa hai na anaona.

Siasa nayo alifanya?

Kidogo tu. Februari 1964 alichaguliwa seneta wa jimbo la New York, mwanamke mweusi wa kwanza hapo, na 1965 akawa mkuu wa Manhattan, sehemu mojawapo ya jiji la New York, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kwa nini Seneti ilichukua miezi saba kumthibitisha?

Kwa sababu ya mtu mmoja hasa, Seneta James Eastland wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati inayowachuja majaji. Jimbo lake ndo Motley alilishinda mahakamani. Akakalia jina, zikaletwa tuhuma za ukomunisti, miezi ikapita. Na kabla ya hapo Johnson alikuwa amefikiria kumpeleka moja kwa moja mahakama ya rufaa, kwenye kiti alichoacha Marshall, upinzani ukawa mkubwa akashushiwa mahakama ya chini yake. Mwisho Eastland hakuwa na kura za kutosha.

Huyu jaji wa ngazi ya chini ya shirikisho anafanya nini hasa? Ni kama hakimu wa wilaya?

Hapana, msiwafananishe. Kwa uzito yuko karibu na jaji wa Mahakama Kuu ya kwetu. Marekani kuna mahakama 94 za ngazi hii, juu yake kuna mahakama 13 za rufaa, halafu Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Kesi zinazoingia ni zile zinazogusa sheria za taifa, katiba, serikali kuu yenyewe, au watu wa majimbo tofauti wanaodaiana hela nyingi.

Kesi hachagui, anapangiwa kwa bahati nasibu. Anakaa peke yake, sio jopo. Anaona mashahidi kwa macho yake, anaamua ushahidi gani uingie na upi ubaki nje, anaisimamia juri na kuieleza sheria, na kwenye jinai juri ikimkuta mtu na hatia kwa kauli moja basi kupanga adhabu kwa kawaida ni kazi yake jaji. Kama hakuna juri anaamua mwenyewe kila kitu. Mahakama ya rufaa hailetewi mashahidi, inasoma makaratasi yaliyotoka kwake. Ndo maana mimi nasema jaji wa ngazi hii ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, manake mwananchi wa kawaida kesi yake ikifika mahakama ya shirikisho mara nyingi inaishia hapohapo, Mahakama ya Juu ataisikia kwenye redio tu.

Anaweza kufukuzwa? Anastaafu akiwa na miaka mingapi?

Hakuna umri wa kustaafu kwa lazima. Kenya jaji akifika 70 anaondoka, Tanzania wa Mahakama Kuu ni 60 na wa Rufani 65, kule akitaka anakaa mpaka kufa, na mshahara wake katiba inakataza kupunguzwa akiwa kazini. Kumtoa ni mpaka Bunge limshtaki na Seneti imtie hatiani, na tangu taifa lianze ni majaji 8 tu wa shirikisho walioondolewa hivyo.

Kuna pia hadhi ya jaji mwandamizi, ukifika 65 na utumishi wa miaka 15 unaachia kiti chako ateuliwe mwingine ila unaendelea kusikiliza kesi kwa kiasi unachotaka. Motley alichukua hadhi hiyo 1986, baada ya kuwa jaji mkuu wa mahakama yake tangu 1982, mwanamke wa kwanza hapo, halafu akaendelea na kesi karibu miaka 20 mingine.

Ni kweli walimkataa kwenye kesi kwa sababu ni mwanamke mweusi?

Ndiyo, na kama kuna jibu moja la kusoma kwenye ukurasa huu basi ni hili.

Mwaka 1975 alikuwa na kesi ya wakili mwanamke, Diane Blank, dhidi ya Sullivan & Cromwell, kampuni kubwa sana ya mawakili New York, akidai wanabagua wanawake kwenye ajira. Upande wa kampuni ukaomba Motley ajitoe. Hoja yao ni kwamba amefanya kazi ya kupinga ubaguzi miaka mingi, na mwenyewe ni mwanamke mweusi, kwa hiyo atakuwa ameonja ubaguzi na atamuonea huruma mlalamikaji.

Alikataa kujitoa, na sababu aliyoandika ni fupi na inakata: kama asili, jinsia au rangi ya jaji peke yake ingekuwa sababu ya kumuondoa, basi hakuna jaji yeyote wa mahakama hiyo ambaye angeweza kuisikiliza kesi hiyo, maana wote wana jinsia, wote wana rangi, na wengi walikuwa mawakili mashuhuri au watumishi wa umma kabla.

Fikirini vizuri. Pale mahakamani majaji wengi walikuwa wanaume weupe, wengi wao wametokea makampuni kama hilohilo lililoshtakiwa, na hakuna aliyesimama kusema jaji fulani ajitoe kwa sababu ni mwanaume. Mwanaume mweupe alichukuliwa kama mtu asiyetoka popote, asiye na maisha nyuma yake. Motley akasema hapana, kila mtu ametoka mahali, swali ni kama kuna jambo mahususi linaloonyesha upendeleo, kubunibuni hakutoshi. Mpaka leo mawakili wanaitaja hukumu hiyo jaji mwanamke au wa kabila fulani au dini fulani akitakiwa ajitoe. Na huku kwetu si tunasikia kila siku "huyu jaji ni wa kabila la fulani"? Kama ana hisa kwenye kampuni, kama mshtakiwa ni shemeji yake, sawa leta ushahidi ajitoe. Jina la ukoo wake sio ushahidi.

Kesi yenyewe iliisha 1977 kwa makubaliano, kampuni ikakubali kuboresha ajira kwa wanawake.

Ile ya waandishi wa habari na vyumba vya kubadilishia nguo?

Hiyo ni ya 1978. Melissa Ludtke, mwandishi wa Sports Illustrated, kwenye fainali za besiboli za 1977 alizuiwa kuingia chumba cha wachezaji pale Yankee Stadium baada ya mechi, wakati wanaume wanaoandika habari hizohizo wanaingia na kutoka na mahojiano mazuri. Bodi ya ligi ikasema inalinda faragha ya wachezaji. Motley akaangalia kwanza uwanja ni wa nani, akakuta ni mali ya jiji la New York, kwa hiyo katiba inahusika. Halafu akasema faragha inalindika bila kumfungia mtu nje, kuna taulo, kuna mapazia yanayoweza kuwekwa kwenye vibanda vya wachezaji. Taulo tu! Ligi nzima ilikuwa inapigana mahakamani kwa jambo linalotatulika na taulo.

Na ile ya fotokopi?

Hii wanafunzi wa vyuo haitawafurahisha. Kinko's, kampuni ya kutoa kopi, walikuwa wanachukua sura za vitabu mbalimbali, wanatoa kopi, wanazibana pamoja na kuwauzia wanafunzi, kama vile vitini vinavyouzwa steshenari za jirani na vyuo vyetu. Wachapishaji wakashtaki. Mwaka 1991 Motley akasema hii ni biashara ya faida, sio matumizi ya haki ya kielimu, akaamuru walipe dola 510,000. Mimi upande wa moyo niko na mwanafunzi asiye na hela ya kitabu, lakini ukiisoma sheria aliyokuwa nayo mezani hukumu inaeleweka.

Kwa hiyo hakuwa anawapendelea wanyonge?

Alikuwa anafuata sheria, na wapo walalamikaji wa ubaguzi walioshindwa mbele yake pia. Ila akiona mtu ameonewa haogopi. Mwaka 1970 alitoa hukumu kwenye kesi ya Martin Sostre, mfungwa mweusi New York aliyewekwa kwenye kifungo cha upweke kwa zaidi ya mwaka, sababu mojawapo ni shughuli zake za kisheria na misimamo yake ya kisiasa. Motley akasema hiyo ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba, akaamuru alipwe fidia na gereza lifuate utaratibu kabla ya kumuadhibu mtu. Mahakama ya rufaa 1971 ikapunguza sehemu kubwa ya maagizo yake, ikabakiza kiasi. Hayo ndo maisha ya jaji wa ngazi hii, unaandika ukijua kuna watu juu yako watakata, na Motley aliandika hivyohivyo.

Mbona hakupandishwa mahakama ya rufaa wala ya juu?

Hakuteuliwa tena, basi. Maoni yangu ni kwamba marais waliofuata waliona wanaume wenye rekodi ndogo kuliko yake, yeye hawakumuona. Mtu aliyeshinda 9 kati ya 10 Mahakama ya Juu hakupewa hata nafasi ya kukaa rufaa. Inauma.

Haya, na sisi Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Inatuhusu sana. Mahakama yake, ya Wilaya ya Kusini ya New York, ndo iliyosikiliza kesi ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, waliuawa watu 224, wengi wao Wakenya. Kesi ya 2001 ilikuwa kwa Jaji Leonard Sand, mwenzake Motley pale, na walioshuhudia walisafiri kutoka huku kwenda kusema waliyoyaona. Washtakiwa wanne walikutwa na hatia Mei 2001. Upande wa mashtaka ulitaka wawili kati yao wapewe adhabu ya kifo, juri haikufikia kauli moja juu ya kifo, wakafungwa maisha, na mmoja wa hao wawili ni Mzanzibari.

Halafu 2010 akaja Mzanzibari mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, mbele ya Jaji Lewis Kaplan. Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa mashtaka kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa alipokuwa mikononi mwa CIA. Watu walikasirika sana, na juri ikamuachia Ghailani kwenye mashtaka zaidi ya 280 ikamkuta na hatia moja tu. Januari 2011 Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa hilo moja. Jaji mmoja, peke yake, aliamua ushahidi wa mateso hauingii chumbani kwake hata kwenye kesi ya mabomu yaliyoua mamia. Najua wapo waliopoteza ndugu Nairobi ambao uamuzi ule uliwaumiza, na siwezi kuwaambia wasiumie.

Ketanji Brown Jackson anahusianaje na Motley?

Wamezaliwa tarehe moja, 14 Septemba, wamepishana miaka 49. Jackson alipotambulishwa Februari 2022 kama mteule wa Mahakama ya Juu alimtaja Motley kwa jina na kusema anasimama mabegani mwake. Na yeye pia aliwahi kuwa jaji wa ngazi hiihii ya Motley, kule Washington.

Alikuwa na familia?

Ndiyo, aliolewa na Joel Motley 1946, walipata mtoto mmoja wa kiume.

Nianzie wapi kusoma hukumu zake?

Zipo mtandaoni bure, tafuta tu majina ya wahusika pamoja na mwaka. Anza na Blank ya 1975, ule uamuzi wa kukataa kujitoa, ni mfupi na hauhitaji uwe mwanasheria. Kisha Ludtke ya 1978, hapo utaona anavyopokea hoja za upande wa pili moja baada ya nyingine na kuzijibu bila kupandisha sauti. Sostre ni ndefu na ina ushahidi mzito wa hali ya gerezani, isome ukiwa na muda, na ukimaliza soma na ya mahakama ya rufaa ya 1971 uone nini kilikatwa na nini kilibaki.